Hotuba mbili za Kaizari Claudius

Mwaka 1528 mfanyabiashara wa nguo mjini Lyon, Ufaransa, alikuta bamba la shaba lililofukiwa kwenye shamba lake la mizabibu. Lilikuwa limechongwa kwa Kilatini hotuba ambayo Kaizari Claudius aliitoa mbele ya Seneti ya Roma mwaka 48 BK, akitaka wakuu wa Gaul, yaani Ufaransa ya kale, nao waruhusiwe kuwa maseneta. Hotuba hiyo hiyo imo katika Annales ya mwanahistoria Tacitus, iliyoandikwa miaka kama sabini baadaye. Ukizisoma pamoja, utadhani ni watu wawili waliosema.

Claudius wa kwenye shaba ni msomi asiyejua kufupisha. Alikuwa ameandika vitabu 20 kuhusu Waetruski, watu wa kale wa Italia, na hakosi kuwachomeka: anaanza na wafalme wa kale wa Roma, anafika kwa Servius Tullius, kisha anaacha hoja yake aeleze Waetruski walimwita nani mfalme huyo. Mbele kidogo anajiita kwa jina na kujihimiza awaambie maseneta anakotaka kufika. Tacitus hakuyataka hayo. Aliondoa mizunguko, akapanga hoja upya, akamfanya kaizari aanze na babu wa kale wa ukoo wake mwenyewe, aliyekuja Roma akiwa mgeni. Hoja kuu imebaki. Sauti ni ya Tacitus.

Waroma hawakuuona huo kuwa udanganyifu. Kwao historia ilikuwa jamaa ya ufasaha wa jukwaani, na msemaji Cicero aliliandika hilo mwaka 55 KK katika De oratore. Mwaka mmoja nyuma, Cicero huyo huyo alimwandikia rafiki yake Lucceius, mwandishi wa historia, kumsihi ausifu utawala wake Cicero hata kupita kipimo cha ukweli. Walau hakuficha.

Mwanzo wa uandishi wa historia huko Roma ulikuwa mkavu. Kuhani mkuu alitundika ubao mweupe wenye majina ya watawala, habari za njaa, kupatwa kwa jua. Cato, aliyekuwa wa kwanza kuandika historia ya Roma kwa Kilatini, aliwanyima majemadari majina yao, ila tembo mmoja shujaa wa jeshi la Carthage akamtaja: Surus. Livy alikuja na vitabu 142, vilivyosalia vikiwa 35, vyenye sentensi ndefu zinazotiririka. Sallust alipenda maneno ya kizamani na sentensi fupi zilizopindishwa makusudi, na kwake ndiko Tacitus alikojifunza ukali.

Ukali huo unaonekana zaidi katika Agricola, kitabu alichoandika kuhusu baba mkwe wake aliyeongoza majeshi ya Roma huko Uskoti. Kabla ya vita, kiongozi wa maadui, Calgacus, anasimama na kuwashutumu Waroma kwa uporaji na mauaji, na hakuna Mroma aliyewahi kushutumiwa vizuri kuliko hapo. Calgacus hatajwi na mwandishi mwingine yeyote wa kale, wala hakuna bamba la shaba lenye hotuba yake.