Daftari la Mishahara ya Walimu

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwenye duka, apate kuandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Lakini iko mali nyingine ambayo hupotea vivyo hivyo, nayo ni kazi ya mtu. Nguo ya dukani huonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono. Kazi ya mwalimu haiwekwi rafuni. Huingia katika vichwa vya watoto, na watoto hao hukua wakatawanyika. Basi mwalimu akisha kustaafu, ni nini kitakachoshuhudia kwamba alifanya kazi miaka 30? Hapana kingine ila karatasi.

Msomaji, katika insha hii nataka tutazame karatasi hizo: orodha za mishahara, barua za kuajiriwa na mafaili ya watumishi wa elimu katika nchi yetu ya Kenya. Huenda ukadhani kwamba hapana jambo kavu kuliko hilo. Vumilia kidogo, kwani ndani ya tarakimu hizo imo historia ambayo hotuba za wakubwa hazikuisema.

Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianzishwa mwaka 1911, miaka miwili baada ya Profesa Fraser kutoa ripoti yake juu ya elimu katika nchi hizi. Tangu hapo maafisa wa elimu wakaanza kuandikwa pamoja na watumishi wengine wa serikali. Kila mwaka, mpaka miaka ya 1940, serikali ilitoa kitabu kilichojulikana kama Kitabu cha Buluu, na ndani yake watumishi waliandikwa idara kwa idara, pamoja na vyeo vyao na mishahara yao. Gazeti Rasmi la Serikali nalo, lililoanza kutolewa mwaka 1899, lilitangaza uteuzi, uhamisho na likizo za maafisa. Nyingi za kumbukumbu za namna hiyo zimehifadhiwa leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Nyumba yake iko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililopata kuwa Benki ya India.

Sasa chukua mstari mmoja tu wa daftari la namna hiyo, uusome kama usomavyo shairi, neno kwa neno. Kwanza utaona jina, kisha cheti. Ukikuta T3 au T4, umo katika miaka ya 1950. Ukikuta P1 au P2, umo katika miaka ya baadaye, maana madaraja ya walimu wa shule za msingi yalibadilishwa majina. Utaona tarehe ya kuanza kazi, na hiyo ndiyo mizizi ya mti wote, kwa kuwa nyongeza ya kila mwaka na malipo ya uzeeni huhesabiwa kutoka hapo. Mwisho utaona mshahara.

Hapo kwenye mshahara hapana budi uwe mwangalifu. Kabla ya kuja shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920, fedha ya nchi hii ilikuwa rupia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Mwaka 1920 serikali ikaipa rupia thamani ya shilingi mbili, ikawa rupia 10 kwa pauni moja. Basi mshahara wa rupia 150 ulikuwa pauni 10 katika daftari la kwanza, na ukawa pauni 15 katika daftari la pili, ijapokuwa mlipwaji hakuongezewa hata rupia moja. Asiyejua jambo hilo ataandika kwamba watumishi walipandishwa mshahara, naye atakuwa amewapotosha wasomaji wake. Tarakimu hazisemi uongo, lakini hazijielezi zenyewe.

Liko jambo zito kuliko hilo. Katika madaftari ya wakoloni watumishi hawakuandikwa katika orodha moja. Waliandikwa Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, na Waafrika mahali pao, kila kundi na mshahara wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tume ya Holmes ya mwaka 1947 na 1948 ilichunguza mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ikashikilia kanuni iliyojulikana kama ya tatu kwa tano. Maana yake ni hii: mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu katika kila sehemu tano za mshahara wa Mzungu. Tuseme Mzungu alipata pauni 500 kwa mwaka. Mwenzake Mwafrika alipata pauni 300. Walifundisha hesabu ile ile, na mbili na mbili zilikuwa nne kwa wote wawili. Daftari la mishahara peke yake ndilo lililokuwa na hesabu nyingine.

Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilishauri kwamba mishahara ya kufuata rangi iondolewe, na kila kazi iwe na mshahara wake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Walakini wageni waliotoka ng'ambo waliwekewa malipo ya ziada ya kuwavutia kuja huku. Kwa hiyo msomaji wa nyaraka asitosheke kutazama safu ya mshahara tu. Na atazame safu ya posho pia, maana aghalabu lile lililotolewa mlangoni hurudi kwa dirishani.

Na sasa tufike kwa wale wasioonekana kabisa. Ukifungua Kitabu cha Buluu ukatafuta mwalimu Mwafrika aliyefundisha a-e-i-o-u chini ya mti au katika kibanda cha udongo, humwoni. Sababu ni kwamba wengi wa walimu hao hawakuwa watumishi wa serikali. Waliajiriwa na misheni, na serikali ilitoa ruzuku tu kwa shule ilizozikubali. Jina la mwalimu lilibaki katika vitabu vya misheni, ikiwa lilibaki. Wengine walifundisha katika shule za kujitegemea zilizoendeshwa kwa michango ya wazazi, na baadhi yao walipata mafunzo katika chuo cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939 chini ya Mbiyu Koinange. Serikali ilipokifunga chuo hicho pamoja na shule nyingi za namna hiyo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, kazi ya walimu wao haikuwa na daftari la serikali la kuishuhudia. Asiyekuwapo na lake halipo. Kimya cha daftari nacho ni habari, na mwanafunzi wa historia hana budi kujifunza kukisikia.

Mambo yalibadilika polepole. Halmashauri za Elimu za Wilaya ziliundwa mwaka 1934. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ikapanga upya elimu ya Waafrika, ikakaza ukaguzi wa shule na mafunzo ya walimu. Lakini bado mwalimu wa misheni hii alikuwa na masharti yake, na mwalimu wa halmashauri ile alikuwa na masharti mengine. Akihama, pengine faili lake halikuhama naye. Ndiyo sababu Chama cha Kitaifa cha Walimu, yaani KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kilidai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Dai hilo lilitimizwa mwaka 1967 ilipoundwa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Leo Tume hiyo imetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, na kila mwalimu aliyeandikishwa ana namba yake. Yeyote anayeidharau namba hiyo na akumbuke babu zake katika kazi, ambao hawakuwa na namba wala faili.

Pengine utauliza: Je, mambo haya yana faida gani kwetu sisi wa leo? Nitakujibu kwa mfano. Mwaka 1997, baada ya mgomo, serikali ilikubali kuwaongeza walimu mishahara kwa awamu. Walimu waliostaafu kati ya mwaka huo na mwaka 2007, ambao ni zaidi ya 50,000, hawakuhesabiwa nyongeza hiyo yote katika malipo yao ya uzeeni. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu huko Nakuru iliwapa haki. Hata hivyo malipo yalikawia miaka mingi, na wako waliokufa wakingoja. Mzee mwenye kudai haki ya namna hiyo hutakiwa kuonyesha lini aliajiriwa, alikuwa katika daraja gani, alistaafu lini, na kwa mshahara gani. Faili likiwapo, haki ina miguu ya kusimamia. Faili lisipokuwapo, mzee hubaki na neno lake tu, na neno halina mhuri.

Karatasi nazo zina adui zake: moto, mvua, mchwa na uvivu wa watu. Mwaka 1939 moto uliteketeza nyaraka nyingi za serikali katika Nairobi, na hapana awezaye kuturudishia yaliyomo. Kwa hiyo, msomaji, usingoje serikali peke yake itunze kumbukumbu. Kama nyumbani kwenu yuko bibi au babu aliyefundisha, muulize aliajiriwa na nani, alilipwa kiasi gani, na fedha hiyo ilinunua nini. Andika majibu yake pamoja na tarehe. Barua yake ya kuajiriwa, ikiwa bado iko chini ya mto au ndani ya sanduku, iweke mahali pakavu, nawe ufanye nakala yake.

Nawe ukija kuwa karani, mwalimu mkuu au afisa wa elimu, siku moja utaandika jina la mtu katika daftari. Liandike sawasawa, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe iliyo kweli. Kwako itakuwa kazi ya dakika moja. Kwake huenda ikawa chakula cha uzeeni.