Shanga zilizonunua pembe

Kabla Moshi haijawa mji, kioo kilikwishafika miteremkoni mwa Kilimanjaro, nacho kilikuja kama fedha. Misafara kutoka Mombasa na Pangani ilipanda na mizigo ya shanga, nyingi zimetengenezwa Venice: nyekundu za samesame, nyeupe, za buluu. Iliteremka na pembe za ndovu.

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson, akijiandaa kuvuka nchi ya Wamaasai, aliambiwa pale Taveta kuwa shanga zake hazitapokewa zikiwa punje. Sharti zitungwe kwa urefu uliozoeleka. Wapagazi wakaketi kutunga, siku baada ya siku, maelfu ya nyuzi. Mara nyingi tunaisoma biashara ile kana kwamba wenyeji walidanganywa kwa vitu vinavyometameta. Sivyo. Wenye nchi ndio waliopanga namna ya kulipwa, na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alijua kutoza wapitao kwake. Aliyepunjika ni ndovu. Karne ya 19 ilipokuwa inaisha, wafanyabiashara walizidi kuingia bara kufuata pembe, maana ndovu wa karibu walikuwa wamepungua mno.

Leo kioo hicho hicho ni taka. Chupa za soda na bia zina kreti, hurudi kiwandani. Za mvinyo na pombe kali mara nyingi hazina mpokeaji. Nyingi huishia shimoni nyuma ya migomba au kwenye mfereji wa kumwagilia, na haziozi.

Kenya, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Nani Croze alianza mapema miaka ya 1980 kutengeneza vioo vya rangi huko Kitengela, na vioo chakavu vikawa malighafi. Arusha, kilomita kama 80 kutoka Moshi, karakana ya Shanga ilianzishwa mwaka 2007, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Chupa huvunjwa na kuyeyushwa. Fundi huchota uji wa moto kwa ncha ya bomba la chuma, akapuliza huku akilizungusha. Chombo kikishaumbika huingizwa kwenye tanuri lenye joto la chini kipoe polepole kwa saa nyingi, kwa kuwa kikipoa ghafla hupasuka. Kijani cha chupa ya mvinyo hubaki kijani. Naipenda kazi hii kwa sababu haifichi ilikotoka.

Kioo hiki kingeweza pia kusimulia habari ya mlima wenyewe. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 hazikufika 2. Moshi inastahili kazi kubwa ya kioo, hadharani, tuseme karibu na stesheni ya reli, ionyeshe mpaka wa barafu wa mwaka 1912 na wa sasa. Itengenezwe kwa chupa zilizookotwa Marangu na Machame, na mafundi wa hapa walipwe ipasavyo.