Jaa na Kisima: Hoja ya Kulinda Maji ya Ardhini Kisiwani Pemba

Pemba haina ziwa wala mto mkubwa wa kutegemewa. Maji ya kunywa ya Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni hutoka zaidi ardhini: visima virefu vya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), visima vifupi vya uani na chemchem. Sensa ya 2012 ilihesabu Wapemba 406,848. Ya 2022 ikahesabu 543,441. Taka zimeongezeka pamoja na watu, na nyumba zinazidi kusogelea majaa. Makala haya yanatetea hoja moja: kuchagua mahali pa jaa ni uamuzi wa maji kabla ya kuwa uamuzi wa usafi wa mji.

Taka zetu kwa kawaida hazitengwi. Kwenye rundo moja hukutana maganda ya mihogo, matumbo ya samaki, nepi za watoto na kinyesi cha kuku. Masika yanapoingia, kati ya Machi na Mei, mvua hupenya rundo hilo, na maji meusi yenye harufu kali huchuruzika chini yakiwa yamebeba bakteria wa matumbo, akiwemo E. koli. Udongo mzito na mchanga laini huwapunguza sana: hunaswa kwenye chembe na wengi hufa njiani. Lakini pande za mashariki na kaskazini, hasa Micheweni, kuna maweni, yaani mwamba wa matumbawe wenye nyufa na udongo haba juu yake. Humo maji hayachujwi, hukimbia. Kwa hiyo umbali mmoja wa jaa na kisima hauwezi kufaa kisiwa kizima.

Kupima kama E. koli amefika kisimani si kugumu. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye kichujio, kichujio huwekwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kisha huachwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa takriban siku nzima. Vinavyoota huhesabiwa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, asionekane hata E. koli mmoja. Ugumu uko katika kufasiri, kwani bakteria huyo huweza kutoka jaani, kwenye choo cha shimo cha jirani, au kwenye kamba na ndoo iliyoburutwa chini. Utafiti unaopima mara moja tu, wakati wa kiangazi, visima vya karibu na jaa peke yake, hauwezi kulitia jaa hatiani wala kulitoa. Lazima vilinganishwe visima vya upande yanakotoka maji na vya upande yanakoelekea, kabla ya masika na wakati wa masika, na amonia na kloraidi zipimwe pia.

Wapo watakaosema klorini inatosha. Klorini inaokoa maisha, lakini uchafu na amonia ya majimaji ya jaa huila kabla haijawafikia bakteria, na haiondoi nitrati wala metali. Chanjo ya kipindupindu ya kumeza iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 nayo ilimkinga mtu. Kisima kilibaki vilevile.

Nyenzo za kuanzia zipo. Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri tangu 2000. Sheria ya Maji ya 2006 iliunda ZAWA, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 inatambua tathmini ya athari za mazingira. Kinachohitajika ni kuziunganisha: jaa lisifunguliwe kabla mwamba na mwelekeo wa maji havijachunguzwa, majaa ya zamani yawekewe visima vya uchunguzi, matokeo yabandikwe shehiani ili mchota maji ayasome. Mabaraza ya miji na ZAWA wakae meza moja sasa, kwa sababu maji ya ardhini yakishachafuka, kuyasafisha huchukua miaka mingi na fedha ambazo kisiwa hiki hakina.