Kutu Inayosafisha Maji ya Ardhini

Miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, mwanafunzi Glenn Reynolds alikuwa akipima vifaa vya kuchotea sampuli za maji ya visima. Akagundua kwamba viyeyusho vyenye klorini hupungua majini vikigusana na baadhi ya metali. Kwa utafiti wake hiyo ilikuwa kasoro, maana sampuli ilitoa majibu ya uongo. Baadaye mwalimu wake, Robert Gillham, aliyarudia matokeo hayo, akaona dawa.

Na dawa ilihitajika sana. Kwa miongo mingi viwanda vilitumia trikloroethilini kuondolea grisi kwenye vyuma, kisha mabaki yakaishia ardhini. Kemikali hiyo ni nzito kuliko maji, basi huzama na kujificha katika tabaka la maji. Wataalamu waliyavuta maji hayo kwa pampu na kuyasafisha juu ya ardhi, miaka nenda miaka rudi, gharama zikipanda na sumu haiishi.

Dawa hiyo ilikuwa chuma. Kinaposhika kutu hutoa elektroni, nazo huing'oa klorini iliyomo katika sumu. Inayobaki zaidi ni ethilini, ethani na kloridi. Mwaka 1991, katika kambi ya jeshi ya Borden, Ontario, Gillham na wenzake walifukia ukuta wa mchanga uliochanganywa na chembe za chuma, kiasi cha 22%, mbele ya mkondo wa maji machafu. Maji yalipita yenyewe, bila pampu, na takriban 90% ya trikloroethilini ikaondoka.

Marekani ikafuata haraka: Sunnyvale, California, mwaka 1994, kisha Elizabeth City, North Carolina, mwaka 1996. Huko Elizabeth City, kwenye kituo cha walinzi wa pwani, karakana ya kupaka vyuma kromiamu ilikuwa imechafua maji yanayoelekea Mto Pasquotank. Ukuta wenye urefu wa mita 46, uliozamishwa zaidi ya mita 7, ulivunja trikloroethilini na pia kuigeuza kromiamu kuwa aina isiyoyeyuka kirahisi, ikanasa ardhini. Kwangu, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Hata hivyo chuma hakiondoi kila uchafu. Benzini ya petroli, kwa mfano, hakiivunji. Basi wewe mwenye kisima jirani na karakana au kiwanda, peleka maji yako yapimwe ijulikane kilichomo, kabla hujamlipa mtu yeyote akusafishie.