Pedali ya gita: sauti ya "tak!" inatoka wapi?

Kuna pedali za gita zinazouzwa vipande-vipande, mtu anajiunganishia mwenyewe, betri ni ya volti 9. Lakini mpiga gita akikanyaga swichi katikati ya ibada, "tak!" inalia kwenye bafle na kanisa nzima inashituka. Wengi wanakimbilia kununua swichi mpya. Pesa inapotea bure.

Mara nyingi swichi haina kosa. Pedali ikizimwa, umeme unavuja kidogo kidogo na kurundikana kwenye kondensata. Ikiwashwa, unatoka wote mara moja.

Dawa ni rezistansi ya megaomu 1. Moja inaunganishwa kati ya waya wa kuingiza sauti, mbele ya kondensata ya kwanza, na masi, yaani waya unaogusa kisanduku. Nyingine nyuma ya kondensata ya mwisho, vilevile mpaka masi.