Dickens na Kiu ya Mitaa: Lausanne, 1846

Wengi hudhani kuwa utulivu ndio mama wa maandishi mema. Kiangazi alichokaa Charles Dickens ugenini mwaka wa 1846 kinaitia dhana hiyo shaka.

Mwishoni mwa Mei mwaka ule mwandishi huyo, mwenye umri wa miaka 34, aliondoka Uingereza pamoja na mkewe Catherine, watoto wao sita na shemeji yake Georgina Hogarth. Walikwenda Lausanne, katika nchi ya Uswisi, wakapanga nyumba iitwayo Rosemont, iliyoelekea Ziwa la Geneva na milima ya Alps. Hewa ilikuwa safi, na kelele za London zilikuwa mbali. Kabla ya Juni kwisha, Dickens alikwisha anza riwaya ya *Dombey and Son*.

Walakini kalamu ilikuwa nzito. Katika barua aliyompelekea rafiki yake John Forster mwezi wa Agosti, alilalamika kuwa amekosa mitaa. Huko London ilikuwa desturi yake kutembea usiku katikati ya umati, na kutoka humo akili yake ilipata chakula chake. Pasipo umati, wahusika wake walizubaa. Uzito ulizidi kwa kuwa alikuwa na kazi mbili mkononi: riwaya hiyo, na hadithi ya Krismasi iitwayo *The Battle of Life*. Ilipofika Septemba, kichwa kikimuuma, alikaribia kuitupa hadithi hiyo. Akaenda mjini Geneva kupumzika, kisha akarudi kuimaliza.

Mwezi wa Novemba jamaa yote ilihamia Paris. Huko, Januari 1847, Dickens aliandika kifo cha mtoto Paul Dombey. Usiku ule, moyo ukiwa umemwelemea, alizunguka mitaani hata asubuhi. Mitaa aliyoililia kando ya ziwa sasa ilimpokea katika msiba alioubuni mwenyewe.

Hata hivyo ziwa halikupita bure. Miaka mingi baadaye, katika dibaji ya riwaya hiyo, alikiri kuwa kila alipomkumbuka Kapteni Cuttle, baharia aliyemweka London, alimwona amejificha katika milima ya Uswisi. Basi mwandishi huchagua mahali pa hadithi yake, lakini mahali alipoiandikia hujipenyeza humo bila kuitwa. Dickens aliililia mitaa, na milima ikamfuata mpaka mitaani.