Régine Crespin

Régine Crespin (Marseille, 23 Februari 1927 – Paris, 5 Julai 2007) alikuwa mwimbaji wa opera wa Ufaransa mwenye sauti ya soprano, yaani sauti ya juu ya kike. Alisifika kwa sauti pana yenye nguvu, na kwa kutamka kila neno likasikika waziwazi hata okestra ilipovuma.

Aliacha masomo ya ufamasia akajifunza uimbaji katika Conservatoire ya Paris. Mwaka 1950 aliimba kama Elsa katika *Lohengrin* ya Wagner mjini Mulhouse. Mwaka 1957, Paris ilipopokea *Dialogues des Carmélites* ya Francis Poulenc, alikuwa Madame Lidoine, mkuu mpya wa watawa.

Mwaka uliofuata aliitwa Bayreuth, Ujerumani, katika tamasha lililoanzishwa na Wagner mwenyewe, akaigiza Kundry katika *Parsifal*. Mwaka 1962 aliingia Metropolitan Opera ya New York kama Marschallin, mhusika wa opera ya Richard Strauss.

Rekodi yake ya 1963 ya *Les nuits d'été* ya Berlioz na *Shéhérazade* ya Ravel, chini ya kondakta Ernest Ansermet, imebaki kipimo cha uimbaji wa Kifaransa.

Katika miaka ya 1970 alihamia sauti ya chini zaidi, mezosoprano, akaimba *Carmen*. Baadaye alirudi kwenye opera ya Poulenc, safari hii kama Madame de Croissy, mkuu mzee anayekufa kwa hofu. Kuanzia 1976 alifundisha katika Conservatoire ileile aliyosomea.